Filimbi ya Bati: Ya Kiwandani au Iliyopitia Mikononi mwa Fundi?

Kila nyumba yenye mtoto wa shule ya msingi humu nchini inaijua kelele hiyo. Saa kumi na moja jioni mtoto ameketi na filimbi ya plastiki mdomoni, baba anaongeza sauti ya redio, mama anafunga mlango wa jikoni, na jirani wa ghorofa ya chini anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Tangu mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulipofika Gredi ya Nne mwaka 2020, wazazi wengi wametakiwa kuwanunulia watoto wao filimbi aina ya rekoda, na wengi wao wamenunua ile ya bei nafuu inayotundikwa dukani pamoja na rula na vifutio. Mtoto akipuliza, ikatoka sauti ya panya aliyebanwa na mlango, lawama humwangukia yeye. Hana sikio. Hana pumzi. Muziki si wake, heri ashike hesabu.

Makala haya yanamtetea mtoto huyo. Si kila mara, lakini mara nyingi kuliko tunavyodhani, kosa halimo kifuani mwake wala masikioni. Limo katika filimbi yenyewe, tena katika sehemu isiyozidi upana wa ukucha. Na sehemu hiyo hurekebishika kwa vitu vilivyomo nyumbani, mradi mrekebishaji awe na mkono mwepesi na asiwe na haraka.

Tuliyahakikisha hayo mahali ambapo pengine msomaji hakutarajia, katika gati ya Mtangawanda, kisiwani Pate.

DADA YAKE REKODA

Kabla hatujapanda mashua, tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Neno filimbi kwetu limebebeshwa mzigo mkubwa. Refa ana filimbi, askari wa usalama barabarani ana filimbi, mchunga mbuzi ana filimbi ya mwanzi, na mtoto wa Gredi ya Nne naye ana yake. Hapa tunazungumzia filimbi ya bati, ile ndefu nyembamba yenye matundu sita mbele na isiyo na tundu la kidole gumba nyuma. Ni dada yake rekoda. Zinatofautiana matundu na vidole, lakini mdomoni ni kitu kimoja, na maradhi yao ya mdomoni ni mamoja.

Filimbi ya bati ya kiwandani ni mzaliwa wa Uingereza. Mwaka 1843 Robert Clarke, kibarua wa mashambani kutoka kijiji cha Coney Weston huko Suffolk, alianza kutengeneza filimbi kwa bati, kisha akahamia Manchester na kufungua kiwanda chake. Alichofanya kilikuwa rahisi. Alikata bati, akalikunja likawa bomba linalopungua upana kuelekea chini, na mdomoni akatia kizibo cha mti. Filimbi zenye jina lake zingali zinauzwa zikiwa na umbo lilelile. Baadaye zikaja zenye bomba la shaba lililonyooka na kichwa cha plastiki, kama zile za Generation, na hizo ndizo zilizojaa madukani. Waairish waliipenda ala hii hadi wageni wengi hudhani ilizaliwa kwao.

Bara letu nalo halikukaa kimya. Katika miaka ya 1950 vijana wa mitaa ya Johannesburg walizichukua filimbi za kampuni ya Hohner ya Ujerumani wakazaa muziki wa kwela. Spokes Mashiyane alipata umaarufu mkubwa kwa kipande hicho cha bomba, na mwaka 1958 kibao cha Tom Hark cha Elias and His Zig-Zag Jive Flutes kilipanda hadi nambari 2 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Huko Malawi, Donald Kachamba, aliyezaliwa mwaka 1953 na kufariki mwaka 2001, aliipeleka kwela katika kumbi za nchi nyingi.

Jambo la kuzingatia ni hili: vijana wa kwela hawakuicheza filimbi kama kiwanda kilivyokusudia. Waliingiza kichwa chake mdomoni kwa mshazari, wakaibana kwa midomo na meno, na kwa njia hiyo wakapata sauti nene inayoteleza, ambayo mtengenezaji wa Ujerumani hakuwahi kuiota. Kiwanda kiliwapa bomba, sauti wakajitafutia.

SIRI IKO DIRISHANI

Ichukue filimbi yoyote ya aina hii uitazame karibu na mdomo. Kuna uwazi mwembamba unapopulizia, ambao tutauita mfereji wa pumzi. Mfereji huu huitoa pumzi ikiwa bapa kama utepe. Utepe huo huvuka dirisha dogo lililo wazi, kisha hugonga ukingo mkali ulio ng'ambo ya dirisha. Pumzi haitulii hapo. Mara hupita juu ya ukingo, mara chini yake, mamia ya mara kwa sekunde, na hewa iliyomo bombani huitikia. Hiyo ndiyo sauti. Filimbi ya ufunguo wa D, inayotumika zaidi, sauti yake ya chini kabisa hutikisika mara 587 hivi kwa sekunde, na hewa inayotikisika humo ina urefu wa karibu sentimita 29. Vidole vinapofungua matundu, vinalifupisha bomba, sauti inapanda. Ukipuliza kwa nguvu zaidi bila kubadili vidole, sauti huruka ghorofa nzima, kutoka do ya chini hadi do ya juu.

Kwa hiyo vidole vinashughulikia wimbo tu. Uzuri au ubaya wa sauti umeamuliwa dirishani kabla vidole havijafanya kazi yoyote.

Na hapo dirishani ndipo kiwanda kinapokosea. Kichwa cha plastiki humiminwa katika kalibu. Kalibu ikichakaa huacha vinyuzi na ndevu ndogo za plastiki pembeni mwa dirisha na katika ukingo, ndevu ambazo jicho la haraka halizioni lakini pumzi inazikuta. Ndiyo maana filimbi mbili zilizotoka katika boksi moja zinaweza kutofautiana tabia kama ndugu wa tumbo moja, mmoja mpole, mwingine mkorofi.

Kosa la pili limejificha ndani. Katika nyingi ya filimbi zenye kichwa cha plastiki, sehemu iliyo chini ya sakafu ya mfereji huachwa tupu, ikawa kama shubaka dogo linalotazama ndani ya bomba. Ni nafasi ya punje chache za mchele. Lakini nafasi hiyo iko karibu kabisa na mahali sauti inapozaliwa, na hewa inayozungukazunguka humo huzifanya sauti za juu ziyumbe na kupasuka. Mafundi wa Ulaya na Marekani wanaorekebisha filimbi za kiwandani huanzia hapo. Huziba shubaka hilo kwa nta, au kwa ule ulimbo wa kubandikia karatasi ukutani, wakasawazisha, basi. Wapo wanaonunua filimbi za bei ya chini, wakazifanyia kazi ya saa moja, wakaziuza kwa bei ya juu, na wanunuzi hawalalamiki.

Kosa la tatu ni la gundi, na hilo linatugusa sisi watu wa nchi za joto zaidi ya wenzetu.

JOTO LA PWANI

Sauti husafiri haraka zaidi katika hewa yenye joto. Kila digrii moja ya Selsiasi huongeza mwendo wake kwa mita 0.6 hivi kwa sekunde, na filimbi hupanda kidogo pamoja nayo. Ala za Ulaya kwa kawaida hulinganishwa katika hewa ya chumba, digrii 20 au karibu na hapo. Sasa ipeleke filimbi hiyo Pate adhuhuri, kwenye digrii 32. Hesabu inaonyesha kwamba itapanda kwa takriban theluthi ya nusu toni. Pumzi ya mpigaji nayo ina joto lake popote alipo, hivyo tofauti halisi hupungua kiasi, lakini sikio lililozoea kuimba litahisi kuna kitu kimechachuka, hasa filimbi ikifuatana na kinanda au na filimbi nyingine iliyokuwa kivulini.

Dawa yake ni rahisi. Vuta kichwa cha filimbi nje kidogo ili bomba lirefuke. Kwa filimbi ya D, kila milimita moja hushusha sauti kiasi, na milimita 6 hivi zingetosha kuondoa tofauti tuliyoitaja. Hapa lazima tuseme ukweli wote: kuvuta kichwa hakushushi sauti zote sawasawa. Zile za matundu ya juu, ambazo bomba lake ni fupi, hushuka zaidi, hivyo mtu asizidishe.

Lakini utavutaje kitu kilichogandishwa kwa gundi? Filimbi nyingi za kiwandani hutoka kichwa kimeshikamana na bomba, zimelinganishwa milele na hali ya hewa ya mahali pengine. Rekoda, angalau, hutengenezwa kwa vipande vinavyochomeka na kuchomoka. Mwenye filimbi ya bati yenye kichwa cha plastiki hulazimika kuchovya kichwa katika maji ya moto, si yanayochemka, kwa dakika moja au mbili, kisha akizungushe taratibu mpaka gundi iachie. Kazi hiyo aifanye mtu mzima. Plastiki ikizidi moto hupinda, na kichwa kilichopinda hakina fundi.

GATINI

Kwa asiyeijua, Mtangawanda ndipo wanaposhukia abiria wengi waendao mji wa Pate. Mashua hutoka Lamu, hupita mkondo wa Mkanda kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko ikiwa kushoto na kulia, kisha huikata ghuba ya Manda mpaka kisiwani. Kutoka hapo hadi mji wa Pate ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu. Wanaokwenda Faza na Kizingitini huendelea na bahari. Mkanda una kina kidogo maji yakipwa, kwa hiyo safari hufuata maji, hazifuati saa ya mkononi. Mgeni hujifunza haraka kwamba kazi kubwa ya Mtangawanda ni kusubiri, na wenyeji wameifanya kazi hiyo kwa ustadi tangu zamani.

Mwandishi wa makala haya alikuwa na filimbi mbili mkobani, za aina moja, za ufunguo wa D, zilizotolewa katika boksi moja siku moja. Ya kwanza haikuguswa. Ya pili ilikuwa imelala jioni mbili mezani kwa rafiki yangu anayefundisha muziki. Alikuwa amezinyoa ndevu za dirishani kwa wembe mpya, akaliziba lile shubaka kwa ulimbo, akaachisha gundi, na kupitisha msasa laini katika kingo za matundu sita. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ilibidi niifunge moja uzi mwekundu.

Nilisimama mwisho wa gati nikapuliza ile ya kiwandani. Hakuna kilichotoka. Nikapuliza ya pili. Hakuna. Kusi ilikuwa ikivuma ubavuni, na mzee mmoja aliyekuwa akisubiri mashua ya Faza akacheka mpaka akashika fimbo yake vizuri. Alinieleza, kwa upole wa mtu aliyewahi kueleza watoto wengi, kwamba upepo ukipita dirishani unaisukuma pumzi kando kabla haijafika ukingoni. Nigeuze mgongo, au nijifiche nyuma ya kibanda. Nikajificha.

Mzee huyo, ambaye hakutaka jina lake litoke gazetini, aliwahi kupiga nzumari katika harusi na katika ngoma ya kirumbizi alipokuwa kijana. Sikumtafuta. Mtangawanda hukuletea watu, mradi usubiri nao.

Tukazijaribu filimbi zile kwa zamu, mara yeye, mara mimi, bila kumwambia ipi ni ipi. Katika sauti za chini tofauti ilikuwa ndogo. Ile isiyoguswa ilikuwa na mkwaruzo fulani na ilisikika mbali zaidi. Tulipopanda ghorofa ya pili mambo yakabadilika. Isiyoguswa ilitaka teke la pumzi ndipo ipande, na ilipofika so na la za juu ikawa inapasuka, mara inapiga kelele, mara inarudi chini bila kuagizwa. Yenye uzi mwekundu ilipanda kwa pumzi ndogo, ikakaa pale ilipowekwa. Mtoto anayejifunza angeipenda mara moja, kwa sababu ingemwacha afikirie wimbo badala ya kupigana na bomba.

Nilitarajia mzee aseme iliyorekebishwa ni bora. Hakusema hivyo. Alisema ile ni ya kupigia ndani ya nyumba, watu wakiwa wamekaa. Kwenye uwanja wa harusi, wanaume wamesimama kwa mistari na ngoma zinalia, sauti yake isingefika mstari wa pili. Ile korofi, alisema, ina ukali, na ukali ni kitu cha kutunza. Akataka tuondoe upumbavu wake wa juu bila kuondoa ukali wake wa chini.

Hilo sikuwa nimelifikiria, na wala silioni likitajwa sana na wale wanaosifu filimbi zilizorekebishwa kana kwamba kila mkwaruzo ni ugonjwa.

"NZUMARI HAIJI NA MDOMO"

Nilipomwuliza alijuaje mambo ya dirisha na ukingo ilhali nzumari haina dirisha, alinijibu kwa ufupi: "Nzumari haiji na mdomo, mwanangu. Mdomo wajifanyia mwenyewe."

Maneno hayo ni ya kweli kabisa. Nzumari ya pwani ni bomba la mti lenye matundu, linalotanuka kuelekea mwisho. Juu yake hukaa kijiti cha chuma na kisahani cha kuegemezea midomo, na mwisho kabisa hukaa ulimi unaotengenezwa kwa jani kavu la mti wa jamii ya minazi. Ulimi ndio unaotikisika. Ukiwa mnene, sauti huzama. Ukiwa mwembamba, hupasuka. Ukikauka, haulii, hivyo mpigaji huulowesha mdomoni kwanza. Mpigaji mwenyewe hukata, hupunguza, hufunga uzi, hujaribu, hutupa, huanza upya. Asiyejua kuchonga ulimi hawezi kujiita mpiga nzumari, hata awe na vidole vya namna gani. Kwake hakuna mpaka kati ya mtengenezaji na mchezaji.

Funguvisiwa hili zima lina historia ya mikono ya namna hiyo. Siyu, kisiwani humuhumu Pate, ulijulikana kwa mafundi wa ngozi, wa chuma na wa mbao, na kwa wanakili wa misahafu. Kuhusu ala za kupuliza, hakuna anayefika makumbusho ya Lamu akazisahau zile siwa mbili, ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na yenye urefu unaopita mita 2, na ya Lamu iliyotengenezwa kwa shaba. Zilipulizwa kutokea ubavuni, katika shughuli za watawala na watu wa heshima. Na katika Maulidi ya msikiti wa Riyadha, Lamu, nai huambatana na matari hadi leo.

Watu wa namna hii ukiwapa filimbi ya kiwandani, hawaioni kama kitu kilichokamilika. Wanaiona kama bomba lisilo na ulimi.

Mzee aliomba kipande cha nta kwa baharia aliyekuwa akishona tanga karibu nasi. Mashona tanga huupaka uzi nta ili usiingie maji, kwa hiyo haikosekani penye mashua. Alikivingirisha kati ya vidole kikawa kama punje, akakisukuma ndani ya kichwa cha ile filimbi isiyoguswa kwa kijiti, akasawazisha, akapuliza. So ya juu ikakaa. La ikakaa, ingawa si kwa raha kama ya yenye uzi. Ndevu za dirishani hakuzigusa. Sauti za chini zikabaki na ukali wake. Kazi nzima haikufika dakika tano, na kama ingeharibika angeitoa nta kwa kijiti kilekile.

MTOTO WA REKODA

Wakati wote huo msichana wa Gredi ya Sita alikuwa akitutazama kutoka kando ya mamaye, aliyekuwa na vikapu vya vitu vya kutoka Lamu. Mwishowe alitoa mkobani rekoda ya plastiki. Haikuwa na shida kubwa, alisema mama, ila tu haipigi. Mtoto alipokuwa katika kikundi cha shule kilichojiandaa kwa tamasha la muziki, aliambiwa asimame na wenzake, vidole avicheze, lakini asipulize.

Sijui kama wanaotoa amri za namna hiyo hukumbuka kwamba mtoto huibeba nyumbani.

"Lete nione, mjukuu wangu," alisema mzee. Akakitoa kichwa cha rekoda, akakielekeza kwenye jua, akaangalia ndani ya mfereji kwa jicho moja. Akanipa nami nitazame. Katika mdomo wa mfereji, pale pumzi inapotokea kuelekea dirishani, palikuwa na kinyuzi cha plastiki kilichosalia kiwandani, na juu ya kinyuzi hicho pamejengeka uchafu wa muda mrefu, makombo na vumbi la mkoba. Mzee alichana ukuti mwembamba, akaupitisha taratibu mpaka uchafu ukatoka, kisha akakiondoa kinyuzi kwa ncha ya ukucha. Hakutumia kisu wala pini.

Msichana akaunganisha vipande, akapuliza. Do ya chini, ambayo mama alisema hakuwahi kuisikia, ikatoka. Si kila mara. Kidole chake cha mwisho kilikuwa hakijafunika tundu sawasawa, na hewa ikivuja hapo sauti ya chini haiji kwenye ala yoyote, ya kiwandani au ya fundi. Mzee alimwonyesha alaze kidole, asikisimamishe. Akajaribu mara kumi. Mara ya kumi na moja ikatoka safi, na akaniangalia mimi, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na daftari.

MAMBO YA NYUMBANI

Mzazi anayesoma haya pengine ameshaanza kuitafuta filimbi ya mwanawe chini ya kitanda. Aanze na usafi. Rekoda nyingi zinazodaiwa kuharibika zimeziba tu. Kichwa kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mfereji upitishwe kitu laini kisichokwaruza, kikaushwe. Tone dogo la sabuni hiyo lililochanganywa na maji na kuachwa likauke mferejini husaidia pia mate yasikusanyike kuwa matone yanayokatisha sauti katikati ya wimbo.

Kisha ajaribu nta, kwa filimbi yenye shubaka ndani. Nta hurudi ilikotoka. Ndevu za plastiki aziondoe tu zile zinazoonekana zikining'inia, na asiuguse ukingo wenyewe. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona filimbi zilizokufa kwa mikono yenye nia njema. Mtu husoma kwamba ukingo mkali hutoa sauti safi, akachukua tupa, akaunoa kama panga. Ukingo uliopunguzwa haurudi, na sehemu ya kumi ya milimita yatosha kuigeuza filimbi kuwa mswaki. Kwa zile za bati za Clarke, ambazo watu hulalamika kwamba zinakunywa pumzi nyingi, wapo wanaolibonyeza kidogo bati la juu ya mfereji ili upungue. Hufaulu, lakini bati likibonyezwa kupita kiasi kulirudisha ni shida.

Filimbi inayouzwa ikiwa imeshafanyiwa kazi na fundi stadi ni kitu kizuri, na mwenye fedha zake sina la kumwambia. Ila ajue kwamba ananunua sikio la fundi yule. Kama fundi anapenda sauti ya sebuleni, atapata sauti ya sebuleni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atafaidika zaidi kwa filimbi mbili za bei ndogo, achague ile yenye mdomo nadhifu, na nyingine aifanye ya majaribio pamoja na mzazi wake. Na kabla mwalimu hajamwambia mtoto asipulize, aipulize filimbi hiyo yeye mwenyewe kwanza.

Mashua ya Faza ilipofika maji yalikuwa yamejaa vyema. Ile filimbi ya nta nilimwachia msichana, kwa kuwa mkono uliyoitengeneza ulikuwa wa kwao, na mimi nilikuwa na yenye uzi. Mama aliipokea, akaitazama mdomoni, akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa ameliuliza: hii nta haitayeyuka juani? Nilimwambia nta ya nyuki huyeyuka ikifika digrii 62 hivi, ingawa hulainika mapema zaidi, kwa hiyo mkobani ni salama, lakini isiachwe juu ya paa la mabati wala ndani ya gari lililofungwa vioo. Akasema gari hana. Akaiviringisha katika leso na kuitia kikapuni, chini ya vitunguu, upande wa kivuli.